Tabakelo na Daftari Lake

Katika kamusi za zamani za Kiswahili limo neno tabakelo, ambalo vijana wengi wa siku hizi hawalijui. Tabakelo ni kikopo kidogo cha kutilia ugoro. Neno hili ni jamaa ya tabaqueira ya Wareno, nalo laingia katika safu moja na meza, kasha, leso, bendera na mvinyo, maneno yaliyoshuka pwani kama wageni yakaishia kuwa wenyeji. Wafaransa husema tabatière, na Wajerumani walipohitaji jina la kitu hicho waliliazima kwa Wafaransa, wakaandika Tabatiere. Hivyo mzee wa Mombasa na mtu wa baraza la mtawala wa Kijerumani, kama wangalikutana na kila mmoja akaonyesha kikopo chake cha ugoro, wangalitoa vitu visivyofanana hata kidogo, lakini majina ya vitu hivyo yangalikuwa ya ukoo mmoja.

Katika tabakelo zote zilizofanywa Ulaya, zipo chache ambazo huwashangaza watu hata leo, ingawa ugoro wenyewe umekwisha heshima yake. Hizo ni tabakelo za mji wa Dresden, katika nchi ya Saxony, zilizotoka katika karakana ya sonara aitwaye Johann Christian Neuber. Tabakelo yake moja haizidi kiganja cha mkono. Aghalabu ni ya mviringo au ya umbo la yai. Mwili wake ni dhahabu, lakini dhahabu hiyo haionekani sana, kwa sababu kifuniko, mbavu na kitako vimetiwa njumu ya vipande vyembamba vya mawe magumu: akiki nyekundu, akiki yenye mistari, yaspi, amethisto, na magogo ya kale yaliyogeuka mawe. Vipande vimepangwa kama petali za ua, vikianza katikati ya kifuniko na kupanuka kuelekea ukingoni, na baina ya kipande na kipande umepita ukanda wa dhahabu mwembamba kama uzi. Mtu akiutazama ukanda huo kwa makini, ataona kuwa kando ya kila jiwe imechongwa namba. Namba hizo ndizo zinazoitofautisha tabakelo hiyo na mapambo mengine yote ya zama zake, maana pamoja na kikopo mnunuzi alipewa daftari dogo, na ndani ya daftari, mbele ya kila namba, liliandikwa jina la jiwe na mahali lilipochimbuliwa.

Kwa sababu hiyo Wajerumani waliziita tabakelo za namna hii kwa jina lenye maana ya kabati la mawe. Mwenye kuwa nayo alibeba mfukoni makumbusho mazima. Alipotoa ugoro kumkaribisha mwenziwe, hakutoa ugoro tu. Alitoa na mazungumzo. Mgeni aliuliza, “Na hili jekundu ni jiwe gani?” Mwenyeji akafungua daftari, akajibu kwa namba, jina na kijiji.

Neuber alizaliwa mwaka 1736 katika kijiji cha Neuwernsdorf, katika milima ambayo jina lake maana yake ni Milima ya Madini. Katika ujana wake alijifunza kazi huko Dresden kwa Johann Friedrich Trechaon, sonara mwenye asili ya Uswidi, na mwaka 1762 akakubaliwa kuwa fundi mkuu na raia wa mji. Mwaka huo haukuwa mwema kwa mtu wa kuanza biashara ya anasa. Vita ya Miaka Saba ilikuwa haijaisha. Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alikuwa ameivamia Saxony mwaka 1756, akaikamua fedha na askari, na mwaka 1760 mizinga yake iliubomoa mji wa Dresden, hata kanisa lake kubwa la Msalaba likaanguka. Amani ilipotiwa sahihi mwaka 1763, Saxony ilikuwa nchi ya madeni na majengo yaliyoungua. Tabakelo za mawe, kwa hiyo, hazikuzaliwa katika utajiri ulioshiba. Zilizaliwa katika nchi iliyokuwa ikijikung'uta vumbi na kujiuliza imebakiwa na nini.

Jibu la Saxony lilikuwa ardhi yake. Fedha ilianza kuchimbwa Freiberg mwaka 1168, na kwa karne nyingi migodi ndiyo iliyokuwa hazina ya watawala. Baada ya vita, mwaka 1765, chuo cha uchimbaji madini kilifunguliwa katika mji huo huo, ili mambo ambayo wachimbaji walikuwa wakiyajua kwa mazoea yafundishwe kwa utaratibu. Mwaka 1775 alianza kufundisha hapo Abraham Gottlob Werner, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ametoa kitabu juu ya namna ya kuyatambua mawe kwa sura zake za nje: rangi, mng'aro, uzito, jinsi yanavyovunjika. Wanafunzi walimfuata kutoka pande nyingi, miongoni mwao Alexander von Humboldt, aliyeingia chuoni mwaka 1791. Ukiliweka daftari la Neuber kando ya elimu hiyo, utaona kuwa sonara na mwalimu walikuwa wakifanya kazi moja kwa vyombo viwili. Mmoja aliyapanga mawe katika fikira, mwingine akayapanga katika dhahabu. Wote wawili walikuwa wakiuambia ulimwengu kwamba nchi iliyopigwa haikuwa maskini, bali haikuwa imesomwa.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Akiki, yaspi na amethisto ni ndugu wa mama mmoja, maana zote ni aina za kwatsi. Na kwatsi, katika kipimo cha ugumu kilichotungwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, ina daraja ya 7, ilhali kisu cha kawaida cha chuma hakifiki 6. Mawe kama hayo hayakatwi kwa kisu. Hukatwa kwa kusagwa polepole, kwa gurudumu, maji na unga wa jiwe lililo gumu kuyapita. Fundi alikuwa na kazi ya kulipasua jiwe katika vipande vyembamba, kuchagua upande ambao mistari yake inapendeza, kukichonga kila kipande kilingane na chumba chake cha dhahabu, kukitia, na kisha kung'arisha uso wote uwe sawa, hata kidole kikipita kisijue mahali jiwe linapokwisha na dhahabu inapoanza. Kosa la unywele mmoja lingeonekana katika mzunguko mzima, kwa kuwa mistari yote hukutana katikati. Bawaba nayo ilifichwa ndani ya ukingo, ili kifuniko kifungwapo tabakelo ionekane kuwa kitu kimoja kisicho na mlango. Na katika ukingo wa tabakelo kadha wa kadha Neuber aliandika jina lake na jina la mji wake kwa Kifaransa, lugha ya mabaraza ya wakati ule: Neuber à Dresde. Hakuona haya kutaja jina la fundi mahali ambapo wakuu wangeligusa kila siku.

Kabla ya mwaka 1775 alikwisha kuwa sonara wa baraza la Saxony, naye akawekwa kuwa mmoja wa wasimamizi wa Kuba la Kijani, yaani hazina mashuhuri ya vito ambayo Augustus aitwaye Mwenye Nguvu alianza kuipanga kuwa maonyesho mwaka 1723. Katika ufundi wa mawe alikuwa ametanguliwa na Heinrich Taddel, aliyeshika kazi katika hazina hiyo hiyo. Lakini kile ambacho kwa wengine kilikuwa pambo, Neuber alikigeuza kuwa elimu ya kubebwa mkononi.

Mtu wa leo huenda akauliza, kwa nini ufundi mkubwa hivi umetumika katika kikopo cha kutilia kitu cha kupigisha chafya? Sababu ni kwamba katika karne ya 18 tabakelo ilikuwa ni fedha iliyovaa nguo. Mfalme hakuweza kumpa balozi wa nchi nyingine mfuko wa sarafu bila kumtukana. Lakini aliweza kumpa tabakelo ya dhahabu, na kila mtu akaiita heshima. Waswahili wasemavyo, mkono mtupu haulambwi. Mabalozi walizipokea nyingi kupita pua zao, na baadhi yao walizirudisha kimya kimya kwa sonara, wakachukua thamani yake kwa fedha taslimu. Naye sonara akaiuza tena tabakelo ile ile kwa baraza, ili itolewe tena kwa mwingine. Hivyo kikopo kimoja kiliweza kununua mioyo miwili mitatu kabla hakijatiwa ugoro hata mara moja.

Zawadi kubwa kuliko zote zilizotoka mkononi mwa Neuber haikuwa tabakelo, ingawa ilifanywa kwa ufundi wa tabakelo. Mwaka 1778 Prussia na Austria ziligombea urithi wa Bavaria, na Saxony ikajikuta kati, ikiwa na madai yake yenyewe. Vita ile haikuwa na mapigano makubwa. Askari walishughulika zaidi kutafuta chakula, hata watu wakaiita Vita ya Viazi. Iliishia kwa mkataba wa Teschen, uliotiwa sahihi tarehe 13 Mei 1779, baada ya Ufaransa na Urusi kupatanisha. Saxony ilipata fidia ya gulden milioni 6. Mtawala wake, Friedrich August wa Tatu, aliyeitwa Mteuzi kwa kuwa alikuwa mmoja wa wakuu wenye haki ya kumchagua Kaizari, alitaka kumshukuru mpatanishi wa Kifaransa, Baron de Breteuil. Neuber akatengeneza meza. Uso wa meza hiyo, iliyokamilika mwaka 1780, umepambwa kwa mawe 128 yenye namba, pamoja na vidani vya kaure ya Meissen, na daftari lake lataja kila jiwe. Ilikaa katika ukoo wa Breteuil ikapita Mapinduzi ya Kifaransa na vita zote zilizofuata, hata mwaka 2015 jumba la makumbusho la Louvre lilipoinunua kwa euro milioni 12 na nusu, sehemu ya fedha hizo ikiwa imechangwa na watu wa kawaida.

Bei hiyo ina uchungu wake. Mtu aliyeifanya meza hiyo hakufa tajiri. Mwaka 1786 bidhaa zake zilitangazwa katika jarida moja la mitindo: tabakelo za wanaume na za wanawake, pete, vikuku, vifuko vya saa. Miaka michache baadaye alijaribu kuuza alivyonavyo kwa njia ya bahati nasibu, jambo ambalo sonara mwenye wanunuzi wa kutosha halifanyi. Akafa mwaka 1808 katika mji mdogo wa Eibenstock, milimani, mbali na baraza alilolipamba. Chanda chema huvikwa pete, lakini mithali haikusema nani atamvika pete yule afanyaye pete.

Huko Prussia nako palikuwa na tabakelo, tena za fahari. Frederick wa Pili, yule yule aliyeubomoa Dresden, alikuwa mtumwa wa ugoro. Makoti yake yalijulikana kwa madoa yake. Alipenda tabakelo zilizochongwa katika krisopraso, jiwe la kijani kutoka Silesia, jimbo alilolinyang'anya Austria, na juu ya jiwe hilo alipachika almasi juu ya vipande vya karatasi ya rangi ili zimeremete kwa waridi au manjano. Inasimuliwa kwamba katika mapigano ya Kunersdorf, tarehe 12 Agosti 1759, risasi iliyomwelekea ilizuiliwa na kikopo cha dhahabu kilichokuwa mfukoni mwake. Iwapo ni kweli, basi kikopo kidogo kilirefusha umri wa mfalme aliyebadili ramani ya Ulaya. Lakini tofauti ya tabakelo zake na zile za Neuber ni ya kufikiriwa. Tabakelo ya Frederick yasema, “Jiwe hili ni langu.” Tabakelo ya Neuber yasema, “Jiwe hili ni la mahali fulani.” Moja yatangaza miliki, nyingine yatangaza asili.

Hapa ndipo daftari linapostahili kusomwa mara ya pili, si kwa yale liliyoyataja bali kwa yale liliyoyanyamazia. Lilitaja kila jiwe. Halikutaja dhahabu iliyoyashika mawe, wala tumbaku ambayo kwa ajili yake kikopo kilifanywa.

Tumbaku si mmea wa Ulaya. Ilitoka Marekani, na mwaka 1560 Jean Nicot, balozi wa Ufaransa huko Lisbon, aliipeleka katika baraza la mfalme wake ikitajwa kuwa dawa. Jina lake limebaki katika mmea hata leo. Katika karne ya 18, sehemu kubwa ya tumbaku iliyofika Ulaya ililimwa Virginia, Maryland na Brazil, na waliolima hasa walikuwa Waafrika waliouzwa utumwani na watoto wao. Huko Bahia, nchini Brazil, jani la daraja ya chini lilisokotwa kama kamba, likapakwa asali ya miwa, likafungwa mizigo na kupelekwa pwani ya Afrika ya Magharibi. Mizigo hiyo ilibadilishwa kwa watu. Watu hao walivushwa bahari wakalima tumbaku na miwa, na tumbaku ikarudi kununua wengine. Ulikuwa ni mviringo, kama ule wa kifuniko cha tabakelo, nao pia ulikuwa umefungwa vizuri, usionekane mahali bawaba ilipo.

Dhahabu nayo ina simulizi yake. Tangu miaka ya 1690 dhahabu ilipogunduliwa katika Minas Gerais, Brazil ikawa chemchemi kubwa ya dhahabu mpya duniani kwa karibu karne nzima, na waliosimama katika maji ya mito kuisafisha mchangani walikuwa ni Waafrika watumwa. Dhahabu haina kumbukumbu. Ikiyeyushwa, ya jana na ya leo huwa moja, na hapana awezaye kuigusa tabakelo ya Dresden akasema chembe hii ilitoka mto fulani na ile ilitoka pete ya bibi fulani aliyekufa. Jiwe halikubali kuchanganywa. Ndiyo sababu limebaki na jina la kwao. Dhahabu ilikubali kila kitu, ikapoteza nasaba. Yawezekana kuwa hili ndilo funzo kali kuliko yote yaliyomo ndani ya kikopo hicho: kile kinachokubali kuyeyushwa ndicho kinachokuwa na thamani sokoni, na kile kinachokataa ndicho kinachoweza kutoa ushahidi.

Mtu mwenye haki atajibu kuwa ni kumwonea sonara kumtaka aandike habari za Bahia. Yeye alikuwa mfanyakazi wa mji usio na bandari ya bahari kuu. Aliyajua mawe kwa sababu yalichimbwa karibu naye, na tumbaku ilimfikia ikiwa imekwisha sagwa, ikinukia manukato. Jibu hilo lina nguvu. Hapana haja ya kumhukumu Neuber. Lakini jibu hilo laonyesha pia jinsi ujinga unavyotengenezwa. Ujinga wa namna hii haukutokana na ukosefu wa akili, maana watu wale walikuwa na akili ya kutambua akiki ya kijiji kimoja na akiki ya kijiji cha jirani. Ulitokana na umbali, na umbali huo ulikuwa na wenye kufaidi. Ugoro ulisagwa laini ili usiwe na sura. Jani lina mshipa, lina udongo, lina alama ya kidole cha aliyelichuma, unga hauna.

Na si kwamba hakuna aliyetia shaka katika ugoro wenyewe. Mwaka 1761 John Hill, tabibu wa London, alitoa kijitabu cha kuwaonya watumiaji wa kupita kiasi, akieleza uvimbe mbaya aliouona katika pua za wanusaji. Mwaka 1828, Posselt na Reimann huko Heidelberg walifanikiwa kuitenga nikotini, sumu iliyomo ndani ya tumbaku. Maonyo ya kwanza hayakuzuia kitu. Kikopo kilikuwa kizuri mno, na desturi ilikuwa ya adabu mno. Mara nyingi uzuri wa chombo humtia mtu haya kuuliza kilichomo.

Ni vyema sasa kurudi kwa yule mzee mwenye tabakelo upande huu wa dunia. Ugoro ulifika Afrika ya Mashariki ukaota mizizi katika heshima ya wazee. Miongoni mwa Wakikuyu na Wamasai, kwa mfano, wazee walibeba ugoro katika vidude vya pembe au vya mwanzi, vyenye mfuniko wa ngozi, vikining'inia kwa mkufu mwembamba. Mzee hakunusa peke yake mbele ya mwenziwe. Alimpa kwanza, ndipo mazungumzo yakaanza. Kijana aliyemletea mzee ugoro alijua kuwa ameleta ombi. Katika jambo hili baraza la Dresden na baraza la chini ya mti halikuwa na tofauti: kote kuwili kikopo kilikuwa ufunguo wa maneno, na kote kuwili kutoa kulikuwa ni kutaka.

Tofauti ilikuja baadaye, nayo ilikuja kwa njia ya kabati. Tangu mwaka 1885 hata kushindwa kwao katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitawala nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, na katika miaka hiyo maofisa, askari, wamisionari na wafanya biashara walipeleka Ujerumani maelfu kwa maelfu ya vitu: ngao, viti, ngoma, sanamu, na vidude vya ugoro. Vingine vilinunuliwa, vingine vilipewa, vingine vilitwaliwa katika vita, kama ile ya Maji Maji ya mwaka 1905 hata 1907. Viliwekwa katika makumbusho ya Berlin, Leipzig, Stuttgart, na Dresden pia. Tangu mwaka 2010 makusanyo ya kikabila ya Saxony yako chini ya shirika moja na Kuba la Kijani. Yaani kazi ya Neuber na kazi ya mafundi wa Kiafrika sasa zina mlezi mmoja.

Vitu hivi vya Kiafrika navyo vina namba. Mwenye kuvitunza aliandika namba juu ya kitu, na katika daftari akaandika jina la kitu, jimbo, kabila, na aghalabu jina la Mzungu aliyekileta. Utaratibu ni ule ule wa tabakelo ya mawe. Lakini jambo moja lilipinduliwa. Katika tabakelo ya Dresden jina lililoandikwa ukingoni ni la fundi. Katika daftari la makumbusho jina lililoandikwa ni la mchukuzi. Fundi wa pembe alitendewa kama akiki: alitajwa kwa mahali alipotoka, kana kwamba kitu chake kilichimbwa ardhini na hakikufanywa na mkono. Yafaa jambo hili lifikiriwe sana na wanafunzi wa lugha na wa historia, kwa sababu si la zamani tu. Daftari linaloorodhesha watu kama mawe huendelea kufundisha kila mtu alifunguaye.

Siku hizi makumbusho kadha ya Ujerumani yanachunguza upya asili ya vitu hivyo, na wataalamu wa Tanzania wameshiriki katika baadhi ya kazi hizo. Wajerumani wenyewe wanajua uchungu wa hazina iliyoondoka. Mji wa Dresden uliposhambuliwa kwa mabomu mwezi wa Februari 1945, vito vya Kuba la Kijani vilikuwa vimehamishiwa katika ngome ya Königstein. Baada ya vita vilichukuliwa kwenda Urusi, na havikurudi hata mwaka 1958. Na tarehe 25 Novemba 2019 wezi waliingia katika hazina hiyo alfajiri, wakavunja kabati la vioo kwa shoka, wakaiba vito vya watawala wa Saxony. Sehemu kubwa ya vito hivyo ilipatikana mwezi wa Desemba 2022, na mwaka uliofuata wezi watano walihukumiwa kifungo. Wakati vilipokuwa havijulikani viliko, kila kito kilitangazwa duniani kwa jina lake na picha yake. Ndivyo ipasavyo. Kitu chenye jina hutafutwa. Kitu kisicho na jina, hata kikipotea, hapana ajuaye kuwa kimepotea.

Kwa hiyo haitoshi kuichukia tabakelo ya Neuber kwa ajili ya tumbaku, wala haitoshi kuisifu kwa ajili ya mawe. Kuichukia ni kupoteza kazi ya mikono iliyopevuka kama mikono ya binadamu inavyoweza kupevuka; kuisifu tu ni kuifunga bawaba tena. Lililo bora ni kuchukua jambo lake jema kuliko yote, yaani daftari, na kulitumia hata pale mwenyewe alipokoma. Neuber alithibitisha kuwa kitu kidogo cha anasa chaweza kuandikiwa asili yake sehemu kwa sehemu, namba kwa namba, na kwamba kufanya hivyo hakupunguzi uzuri wake bali huuongeza. Kama iliwezekana kwa akiki ya mlimani, yawezekana kwa jani la Bahia, kwa pembe ya Tanganyika, na kwa mkono wa fundi ambaye hakuna aliyemwuliza jina.

Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa Dresden peke yake. Majina ya vitu, ya sehemu za vitu, ya mafundi na ya vijiji yamo katika lugha za Afrika ya Mashariki, katika vinywa vya wazee waliobaki, na katika kamusi za zamani ambazo hufunguliwa mara chache. Neno tabakelo ni namba mojawapo katika daftari hilo. Atakayeliuliza lilikotoka atafika Lisbon, Bahia, pwani ya Mina na Mombasa kabla hajarudi mezani kwake, na meza yenyewe itamkumbusha kuwa nayo ni neno la safari hiyo hiyo.